Mtu Aliyetoka Getini

Zimeni kwanza hiyo televisheni, wanangu, maana nimeishi ndani yake maisha yangu yote na sitaki inikate kauli nikiwa kwenye neno la mwisho. Mama yenu na akae hapa kitandani, karibu na sikio langu zima. Wewe Wakili, kifungua mimba wangu, vuta kiti uache kusimama mlangoni kama askari wa zamu. Na wewe kitinda mimba, binti yangu ninayekuita mama, uliyerithi kipindi changu na kiti changu na hata kile kikohozi changu cha kabla ya kusoma habari, weka kamera yako hapo mezani, uiwashe, na usiniulize kwa nini. Akili zangu ni timamu. Kilichochoka ni mapafu tu, na sijawahi kufikiri kwa mapafu.

Nianze na mali, kwa kuwa mali ni nyepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka Mungu amwite, na asije mtu akamwambia ahamie chumba cha nyuma ili cha mbele kipangishwe. Gari ni la Wakili, akikubali kuonekana ndani yake. Kanda zangu zote, zile zilizojaa makabati ya ukumbini na kumfanya mama yenu aniulize kila mwaka kama nimemwoa yeye au nimeoa plastiki, ni zako, mama, na usizitupe hata zilizoota ukungu, maana ndani yake kuna nchi nzima ikipiga kelele. Ile tuzo ya kioo iliyo juu ya kabati haina mrithi. Nitaisemea baadaye, Mungu akinipa pumzi.

Mali imekwisha. Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Jana mchana, mama, uliingia humu na kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, ukasema, "Baba, nataka kukuonyesha kitu, ila usikasirike." Nami nikakuambia nimewakasirikia marais wawili na wote wakaondoka, wewe ni nani hata nikukasirikie. Tukacheka. Kisha ukafungua, na nikaiona taazia yangu. Sikushangaa. Ndiyo kazi yetu: mtu mashuhuri akishalazwa hospitali mara ya pili, sisi wa televisheni tunamtengenezea taazia, tunaiweka tayari, inabaki kungoja tarehe. Mimi mwenyewe nilitengeneza za watu kadhaa ambao mpaka leo wanacheza bao, na wengine watakuja kunizika. Umeifanya vizuri, mwanangu. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu.

Nilijiona kijana, shingo nyembamba ndani ya kola kubwa, asubuhi ile ya mapinduzi. Karatasi ilikuwa imetoka ikulu ikiwa bado na joto la mashine, inasema uwanja mkuu ni mtupu na wananchi wote wako makazini wakijenga taifa. Na mimi nikiwa studio, kupitia kuta zilizojengwa zisipitishe hata mlio wa honi, nikausikia uwanja. Nikaiweka karatasi mezani, nikaitazama kamera, nikasema: "Karatasi hii inasema uwanja ni mtupu. Fungueni madirisha yenu msikie wenyewe." Nikavua kipaza sauti nikatoka, na mpiga picha wangu akanifuata na kamera begani. Kwa siku zote zilizofuata tukawa katikati ya umati, tukionyesha nyuso, mpaka mzee yule wa ikulu akapanda ndege. Wakaniita Dirisha. Hata leo wapo wanaonipigia simu wakisema, "Dirisha, hujafungwa bado?"

Hayo yote umeyaweka. Umeweka pia miaka iliyofuata, nilipowageukia wale wale tuliowabeba mabegani nikawauliza mbona viti walivyovilaani wamevikalia bila hata kuvipangusa vumbi. Walinichukia. Mama yenu anajua mawe mangapi yaliangukia bati hili. Mpaka hapo sina aibu, nikasema moyoni, binti yangu ametenda haki. Ndipo likaja geti.

Mlimwona, nyote watatu. Geti la chuma linafunguka kidogo, anatoka mtu mwenye ovaroli la buluu, mfuko mzito begani, anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, halafu anainua macho kuelekea kwetu. Na juu yake sauti yangu, sauti ile nzuri niliyopewa na Mungu nikaitumia nilivyotaka: "Walikuja asubuhi kama watu wa kazi nyingine yoyote. Walifanya waliyoyafanya, wakanawa, wakarudi kwa watoto wao." Mama yenu akafuta machozi. Wakili ukasema, "Mzee, ulikuwa simba." Nami nikageukia ukutani, mkadhani ni dawa.

Haikuwa dawa. Mtu yule alikuwa fundi bomba.

Subiri, Wakili, usinyanyue mkono, hapa si mahakamani. Niacheni niseme moja kwa moja, nikikatizwa sitarudia.

Mwaka wa kwanza baada ya mapinduzi tuliandaa kipindi juu ya lile jumba walimotesewa watu. Tuliwapata walionusurika. Walikaa mbele yetu, wakasema, na sauti zao zilitosha kuivunja nchi. Lakini televisheni haitosheki na sauti, inataka macho yapate cha kula. Ukiwa na maneno bila picha, unakwenda kwenye akiba, unachukua picha ya zamani inayofanana na maneno, unayafunika nayo. Tunafanya hivyo kila siku: ukisema bei imepanda unaonyesha soko, ukisema shule unaonyesha mtoto akiandika, na hakuna anayeuliza ni mtoto wa nani. Katika akiba kulikuwa na kanda ambayo mpiga picha wangu aliichukua kwa siri, akiwa ndani ya gari, mbele ya jumba lile, siku za mwisho za utawala. Geti, ovaroli, mfuko, mikono. Ilikaa juu ya maneno yangu kama kifuniko juu ya chungu chake.

Mpiga picha wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza. Alisema, "Kaka, huyu tunamjua?" Nikamjibu, "Hatumtaji jina. Kuna ubaya gani?" Akasema, "Uso wake si jina lake?" Nikamwambia, wewe shika kamera, falsafa niachie mimi. Akashika kamera.

Wanangu, fundi bomba ni mtu anayeingia jikoni mwa watu, anaingia bafuni, anaingia mpaka pale ambapo mgeni wa heshima hafiki, na mama wa nyumba anamwacha humo peke yake na kwenda sokoni. Mtaji wake ni kuaminiwa. Baada ya kipindi kile hakuna aliyemfungulia mlango. Watoto walimfuata njiani wakimwimbia, "Mtesaji kapita, ficheni kucha!" Mchumba wa binti yake akarudi nyuma. Vijana waliojiita walinzi wa mapinduzi, vijana waliokipenda kipindi changu, walimlaza barabarani wakamvunja kiganja cha kulia, wakimwambia ndicho kilichotesa.

Alikuja kituoni mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Hakupiga kelele. Alifungua mfuko wake juu ya meza ya mapokezi kwa mkono mmoja, akatoa spana, akatoa katani ya kufungia maungio, akavipanga mbele ya msichana wa mapokezi kama mchuuzi, kisha akaniambia: "Bwana mtangazaji, sikuja kugombana. Vyoo vyao viliziba, wakaniita, nikazibua. Hata mtesaji anakwenda chooni. Sema hivyo tu, hata kwa pumzi moja, nirudi kazini." Nikamshika bega. Nikamwambia, "Jumapili hii."

Jumapili ile haikufika. Siku iliyofuata, waziri wa utawala mpya, aliyekuwa akinitafuta kwa tochi mchana, alisema kipindi changu ni cha uongo na kitafutwa. Nikajiambia, nikikiri kosa moja leo, nitakuwa nimempa kamba ya kuninyongea, na wale walionusurika nao wataitwa waongo. Basi nikangoja uchaguzi upite. Uchaguzi ukapita, nikangoja katiba. Katiba ikapita, ikaja ile tuzo ya kioo, na picha waliyoichagua kuionyesha ukumbini, watu wakisimama na kupiga makofi, ilikuwa ni ile. Nikapanda jukwaani nikaipokea. Mama yenu alinipiga picha nikitabasamu.

Na nisiwafiche kwa kisingizio cha waziri. Waziri alianguka, nikanyamaza. Mawe yakakoma, nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa mtu asiyekosea. Niliwauliza wakubwa kwa nini hawakiri, na mimi mwenyewe nikawa nyani asiyeona kundule. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya mapinduzi, geti lile hufunguliwa tena na mtu yule hutoka tena, na nchi nzima humchukia upya ikiwa inakunywa chai.

Nilikwenda kwake. Hilo hata mama yenu halijui. Anaishi kwa binti yake, nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba ya mwisho yenye mlango wa kijani. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikamwona amekaa kizingitini, anahangaika kufunga kamba za kiatu kwa mkono mmoja na meno. Barabara yenyewe ni nyembamba, mtu angeivuka akiwa bado hajamaliza kusema hodi. Mimi niliyeingia kati ya vifaru sikuivuka.

Sasa jana jioni, mliponibana kwa maswali nikawaambia nusu ya haya, niliwasikia mkinong'onezana ukumbini. Mlidhani masikio yote mawili ni mabovu. Wakili ulisema, "Kisheria hawakumtaja jina." Mwanangu, nimekusomesha miaka yote ile uje uniambie maneno niliyoyajua bila kusoma? Na wewe, mama, ulisema, "Tukikiri wakati huu, wakubwa watafunga kituo, wanatafuta sababu tu." Ni kweli, wanaitafuta. Ni maneno yangu yale yale, umeyarithi pamoja na kiti. Lakini nionyesheni siku ambayo kukiri ni kuzuri. Tunapenda kusema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na sisi wa habari tulijihesabu kuwa nyasi, kumbe tulikuwa tembo wa tatu, hatukutazama tunakanyaga wapi. Waulize wakubwa, mama, waulize bila kuchoka, usiwape nafasi hata ya kumeza mate. Ila mtu akija mapokezi na mfuko wake, simama, mwache mkubwa angoje.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na hao hawakujua ulimi wenye mlingoti na mitambo ya kuurusha nchi nzima.

Kwa hiyo nausia hivi. Nikifa, taazia ile isirushwe ilivyo. Kamera inarekodi? Haya. Nipandishe mto kidogo, mama Wakili. Hapo.

"Watazamaji wapenzi, katika kipindi chetu cha..."

Hapana. Hapana, hiyo ni sauti ya kazi. Mmesikia ilivyonijia yenyewe? Hata kifuani hainitoki. Ngoja nipumzike.

Mimi ni yule mnayeniita Dirisha. Mtu mliyemwona akitoka getini kwenye kipindi changu, miaka yote hii, si mtesaji. Ni fundi bomba. Aliitwa kuzibua vyoo, akazibua, akajifuta mikono. Nilijua. Aliniambia yeye mwenyewe, nikamwahidi, nikanyamaza. Waliomvunja mkono walitumia picha yangu. Kosa si la walionusurika, wao walisema kweli. Kosa si la mpiga picha wangu, yeye aliniuliza. Ni langu.

Basi. Msiweke muziki. Na kikohozi... kiacheni.

Wakili, usilie, utalowesha suti. Sikiliza. Hiyo niliyoisema usiipeleke kituoni kwanza. Ipelekeni kwake, ninyi wawili, kwa miguu yenu, na mvuke barabara. Bisheni hodi. Mkae chini, msikubali kiti kabla yeye hajakaa. Mwonyesheni. Akisema haitoshi, mwulizeni nini kingetosha, na mfanye hicho, hata kikiwa ni kufunga kituo. Ile tuzo mchukue, mumwulize aivunje au aiache, kioo ni chake.

Na mama... binti yangu... mpe kamera. Mpe nafasi ndani ya taazia yangu, ndefu kuliko yangu. Aseme anavyotaka. Akinisamehe, sawa. Akinilaani...

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Mungu awalinde wanangu. Mama Wakili, ulinivumilia na kanda zangu na mawe yangu, Mungu akuwekee kivuli. Wakili, awape watu haki kupitia kinywa chako. Kitinda mimba, akupe macho... macho ya kuuliza huyu ni nani. Na watoto wa fundi yule, na binti yake, na wajukuu kama wapo... nawaombea nilichowanyang'anya. Amina. Itikieni.

Nilikuwa wapi? Ndiyo. Akinilaani, mama. Najua mkono wako, ni mwepesi, utataka kunihurumia, utaona ni baba yako amelala hapo, utatafuta mahali pazuri pa kuishia...

Akinilaani, msimkate.