Kichombo cha Kupima Tufani na Mtumbwi wa Kapembwa

Mwaka wa hamsini na saba, kijiwe chetu pale Kabuta, kando ya ziwa Mweru, kilikuwa ubao wa mtumbwi mkuukuu juu ya mawe mawili, mbele ya jiko la mama Dorica, aliyeuza kahawa iliyovuka toka upande wa Kongo. Waliokaa pale walijua kila kitu isipokuwa saa ya kurudi nyumbani. Mchana huo mbingu juu ya kisiwa cha Kilwa, mle ziwani, ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, na Kapembwa, mvuvi mpole, mwenye mtumbwi mpya, alikuwa anamalizia kikombe chake aende kutega nyavu.

— Kapembwa, ngoja kwanza, alisema Mwewa. Tulimwita Aviyo, yaani ndege kwa Kifaransa, kwa sababu alishafanya kazi kwenye kiwanja cha ndege Elisabethville. Kule kwa Baamerika, akaendelea, bazungu banaingia na ndege katikati ya tufani. Banaangusha kichombo kidogo na parashuti. Kinashuka polepole, kinapima upepo, joto na unyevu, kinatuma habari kwa redio mpaka kwenye ndege. Vile banajua tufani iko na nguvu gani na inaelekea wapi.

— Nani alikwambia? aliuliza Mpundu. Huyo tulimwita Pasta, maana hakuna neno lililompita bila methali.

— Makanika wa ndege, muzungu Mubeleji.

— Na wewe ulikuwa unafanya nini?

— Nilikuwa nafagia.

— Bon. Basi ni habari ya vumbi.

Tulicheka mpaka Dorica akatukemea.

— Tena, Pasta akaendelea, ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Sasa kichombo kimevaa parashuti, kitaoga namna gani?

— Hiyo methali si ya hapa! akasema Aviyo.

Kingsley, tuliyemwita Gavana kwa kuwa aliishitaki serikali kila asubuhi, akainama mbele.

— Miye najua sababu. Bakishajua upepo unapita wapi, bataukatia kodi.

— Hapana, akasema Pasta. Kile kichombo kinasemesha tufani. Kinaiambia: geuka, huku kuna bazungu. Ndiyo maana zote zinakuja Mweru!

— Sasa niende ao nisiende? aliuliza Kapembwa.

— Enda, akasema Gavana.

— Usiende, akasema Aviyo.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Pasta, na hakuna aliyejua hilo lilikuwa jibu gani.

Ennie, mke wa Kapembwa, alikuwa ameshafika kumtafuta mume wake. Alisimama akisikiliza, kisha akauliza kwa heshima:

— Ba Mwewa, kile kichombo kinaongea na ndege. Na ndege inaongea na nani hapa Kabuta?

Aviyo akageuka kutazama ziwa. Ziwani, ndege weupe walikuwa wanakimbilia matete.

Kapembwa aliweka kikombe chini, akateremka ufukweni, akaanza kuvuta mtumbwi kuutoa majini peke yake. Ulikuwa mzito, nyavu zimo ndani. Pasta alitafuta methali, akaikosa, akainuka. Tukamfuata wote.

Upepo ulipofika, ulibeba nyasi za paa la jiko la Dorica. Mtumbwi ulikuwa tayari juu ya majani, na sisi tumeukalia usiburutwe, tumelowa chapachapa, Aviyo mbele kabisa. Ennie alikaa katikati, amemshika mume wake mkanda wa suruali.