Kasha Lisiloinuliwa

Mwaka wa tisini na sita, Dekow alirudi Balambala ameketi juu ya kasha la chuma ndani ya lori, na katikati ya magoti kashika bunduki ambayo serikali ilimkabidhi kama polisi wa akiba. Lori zima lilishazijua sifa za kasha. "Ikiibwa bunduki hii, nafungwa mimi," alimwambia Batula, mama asiyemjua aliyekalia gunia la sukari. "Mafundi wa Garissa walinionyesha jepesi, nikakataa. Hili hata wezi wanne hawaliinui, wallahi."

Batula akaligonga kwa kidole. "Nyumba yako ni ya mawe?" Dekow akasema ni ya fito na mikeka, kama ya watu wote. "Na mkihama?" Akajibu kwamba ngamia hubeba kila kitu. "Ngamia hubeba pande mbili, mwanangu. Huku utafunga kasha. Kule utafunga nini cha kulingana nalo, mkeo?"

Abiria waliangua kicheko. Dekow hakutikisika. "Nitanunua la pili," alisema, na kwa kuwa alilisema kwa sauti kubwa, aliliona jambo la busara.

Lori liliposimama kwake, wanaume sita waliliteremsha kasha wakihema. Dekow akageuka kuwaonyesha nyumba. Mahali pake palikuwa na duara tupu la mchanga, na mkewe Filsan akikaza kamba ya mwisho juu ya ngamia.

"Mvua imenyesha ng'ambo ya mto," alisema, macho yake kwenye kasha. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."