Hatunaye Tena, Bonyeza Moja

Benchi la Kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na anayekalia upande wa tofali lazima akae kwa adabu. Upande huo ni wa Mzee Stoo. Wiki ya tisa sasa anafika saa mbili kasoro asubuhi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, kama mtu anayepita tu kwenda kazini. Hapiti. Kampuni ya vipuri vya pampu aliyoitunzia stoo miaka kumi na tisa imeshamwaga unga wake. Nyumbani wanajua, mtaa unajua. Asiyejua ni mtu mmoja, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Dada huyo humpigia kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwenye simu ya kazini, maana hana namba nyingine. Simu yenyewe ilibaki getini siku alipotolewa. Namba ya dada anayo, ameiandika kwenye kijidaftari. Atampigia akishapata kazi nyingine. Ndivyo alivyojiambia wiki ya kwanza, na kila wiki amejiambia hivyohivyo.

Jumatatu hiyo, muuza kahawa akiwa amekwisha kuwamiminia wote, Kinyozi ndiye aliyelianzisha.

— Stoo, jana nimekosea nikapiga ile namba yako ya zamani. Hebu sikia mambo.

Akaweka simu juu ya benchi, sauti yote. Ikaita mara mbili, kisha ikaja sauti ya kike, laini, isiyo na haraka: "Samahani. Ndugu uliyempigia hatunaye tena. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako naye. Kwa huduma ya vipuri, bonyeza moja."

Wakili, ambaye sheria aliisomea kwa kufagia mahakama miaka sita, alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Wamekuzika, mzee. Na waliotoka makaburini wabonyeze moja.

Mzee Stoo hakucheka. Alihesabu siku kwa vidole mpaka Ijumaa.

— Hiyo wameiweka lini?

— Wiki mbili nyuma nilikosea hivyohivyo, haikuwepo, Kinyozi akasema. Ilikuwa inaita tu, hakuna anayepokea.

Bi Swichi aliweka kikombe chini. Huyu aliunganisha simu za watu maisha yake yote, mpaka mitambo ikamstaafisha, na hapendi neno libebwe vibaya.

— Sisi "hatunaye tena" tulikatazwa. Tulisema "amehama ofisi." Maneno mawili tu, na hakuna aliyelia.

— Wao walitaka kusema ameacha kazi, Kinyozi akamtetea nani sijui.

— Sasa si wangesema ameacha kazi?

— Hakuacha. Kaachwa, Wakili akasema.

Hapo Mzee Stoo alipandwa na hasira, akashukuru, maana hasira ilimwondoa kwenye hesabu ya Ijumaa.

— Watu haohao. Nilipoajiriwa nilikaa wiki saba bila neno la siri. Wiki saba naingia kwenye kompyuta kwa jina la karani aliyekwenda kuolewa. Mafundi wananiita dada. Lakini kunitoa? Nimefika asubuhi, nimeweka kidole mlangoni, taa nyekundu. Nikakifuta kwenye suruali, nikaweka tena. Nyekundu. Mlango ulijua kabla yangu. Meneja alikuja kuniambia saa nne, akanikuta bado nakifuta.

Kila mtu alitazama kidole chake mwenyewe.

— Na kidole chako wamekurudishia? Kinyozi akauliza.

— Hiki hapa.

— Hicho ni ganda. Alama yake iko kwao. Kidole chako bado ni mfanyakazi, wewe ndiye uliyefukuzwa. Kesho kikisaini kitu huko, utakamatwa wewe.

— Kisheria, Wakili akaingilia, mashine ina visanduku viwili. Yupo, hayupo. Cha tatu, cha "yupo ila si kwetu," hakikutengenezwa, kingeongeza kazi. Wakikubonyeza hayupo, habari inaruka yenyewe. Inapita benki, inapita hospitali. Utakwenda kupimwa presha, daktari akuombe cheti cha kifo.

— Kwenye stoo yupo, Bi Swichi akasema. Si ulituambia?

Mzee Stoo aliinamia kikombe. Ni kweli. Walifunga mlango, simu na barua pepe, wakaisahau kompyuta ya stoo, ambayo mpaka leo hufunguka kwa jina lake. Juzi mtunza stoo mpya alimpigia kupitia simu ya mke wa Mzee Stoo akiomba neno la siri.

— Ukampa? Kinyozi akauliza.

— Nikampa. Ningefanyaje? Alisema mafundi wako foleni tangu asubuhi.

— Basi una ushahidi, Wakili akasema. Kwenye simu marehemu, kwenye stoo unatoa mipira ya pampu kila siku. Marehemu mchapakazi.

Walicheka, hata yeye akacheka kidogo. Bi Swichi hakucheka.

— Yule dada yako hupiga Ijumaa, sivyo?

— Hupiga.

— Na Ijumaa hii iliyopita?

Mzee Stoo alitoa kijidaftari, akakishika bila kukifungua.

— Nitampigia. Ngoja nimalize kahawa.

Kahawa ilikuwa haijamalizika mwanamume wa makamo alipokata kona, begi begani, viatu vimejaa vumbi la safari. Alisalimia wote kwa pamoja, shikamooni, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia.

— Samahanini. Nimetoka pale kwenye kampuni ya vipuri. Mlinzi ni mgeni, jina alilitafuta kwenye mashine hakuliona. Akaniambia niulize kwa kinyozi. Namtafuta mjomba wangu, alikuwa mtunza stoo. Msiba uko wapi?

Kinyozi aliizima mashine ya kunyolea aliyokuwa akiisafisha. Wakili, aliyekuwa na la kusema kwa kila jambo, alitazama viatu vyake. Mzee Stoo aliliona paji la uso la dada yake kwa mtu huyu mzima, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa darasa la tatu.

— Mimi ndiye mjomba wako.

Mpwa alimtazama kuanzia kalamu mpaka viatu. Hakufurahi. Alikaa chini, kwenye vumbi, akafunika uso.

— Mama hajainuka tangu Ijumaa. Hali chakula. Amepiga Ijumaa zote, simu inaita tu, anasema labda mdogo wangu ana kazi nyingi. Ijumaa hii ndiyo akaambiwa. Aliniomba nikaulize kama kaburi limejengewa.

— Ni mitambo tu hiyo, mwanangu. Ni kazini, wamekosea maneno.

— Mwambie mwenyewe.

Mpwa alipiga namba ya mama yake, akampa simu; iliita mara moja tu. Mzee Stoo alisimama, tofali likachomoka, benchi likalala upande, wote wakabaki wamesimama bila kuliinua.

— Dada. Ni mimi. Ni mzima.

Kule ilisikika pumzi, kisha kilio kidogo, cha chini, kikaisha.

— Mdogo wangu.

— Ni mimi, dada. Ni kampuni hiyo. Walinitoa kazini, sasa ile sauti yao...

— Lini walikutoa?

— Wiki tisa zilizopita.

— Na wiki zote hizo ulikuwa mzima?

— Mzima, dada.

— Namba yangu ilipotea?

Kijidaftari kilikuwa mkononi mwake, kimelowa jasho.

— Haikupotea.

— Basi mbona hukunipigia?

Mzee Stoo alimtazama Wakili. Akamtazama Kinyozi, akamtazama Bi Swichi. Asubuhi nzima walikuwa wamejibu maswali magumu, ya vidole na visanduku. Hili hakuna aliyeligusa. Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mzee Stoo, likatoa matone mawili.

Dada alingoja jibu. Hakumharakisha, kungoja alikuwa amezoea.