Unga wa Ijumaa Kuu

Aimé, zima redio. Lydie, kaa hapa karibu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, maana ninayowaambia leo sitayarudia.

Nyumba hii ni yenu wawili. Vitabu ni vya Lydie. Chumba cha nyuma mpeni Léontine na watoto wake, wakae mpaka siku watakapoweza kurudi kwao Iga Barrière bila kuogopa. Aimé, najua utasema watu wa kwao ndio waliomuua baba yako mdogo Blanchard. Ndiyo. Mimi nilimzika. Lakini lipo jambo nililoliungama kwa padri, na kwenu bado.

Mnakumbuka desturi ya mama yenu Scholastique: kila Kwaresima unga tuliojinyima aliupima kwa kikombe, akautia katika ndoo, na Ijumaa Kuu ndoo ikapelekwa parokiani kwa ajili ya maskini. Ufunguo wa stoo nilikaa nao mimi. Mwaka jana, juma la pili la Kwaresima, Léontine alibisha hapa, amekimbia vita, mtoto mgongoni. Mama yenu akaja kuniomba ufunguo. Nikamwambia unga ule umekwisha kutolewa kwa Mungu, haufunguliwi kabla ya Ijumaa Kuu. Akanitazama. "Muzee, Mungu iko na njaa leo. Weye unamwambia angoje Vendredi Saint?" Nikacheka, nikasema teolojia haipikwi jikoni. Nilikuwa mtu wa chuo kikuu. Nilijua kuficha chuki ndani ya kanuni. Sikumnyima Léontine kwa ajili ya Mungu. Nilimnyima kwa ajili ya Blanchard.

Mama yenu hakubishana tena. Daktari alikuwa amemwambia ale vizuri, damu yake imepungua, na Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga; hilo nalo nililijua. Mimi nilikula sebuleni, yeye jikoni, na kila siku sahani yake ilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilimwona akikonda, nikasema vita inatukondesha sote. Alikufa Jumanne ya Juma Kuu. Kwenye matanga Léontine aliniambia, akilia: "Papa, nilijua ni chakula yenu. Sikujua ni yake." Ijumaa Kuu risasi zilifunga njia ya parokia. Nilipofungua ndoo baada ya Pasaka, unga ulikuwa umeingia wadudu.

Padri aliniondolea dhambi, akanipa malipizi: nimwombe Léontine msamaha. Mara mbili nimekwenda hadi kwenye hema lake, kule kambini kwa waliokimbia vita, nikamsalimia, nikarudi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezaliwa mzee. Tusidanganyane: nikifumba macho sioni mbingu, naona sahani.

Nikifa, msipike matanga ya kuonyesha watu. Mchele ulioko stoo mpeni anayebisha, siku anayobisha. Ufunguo uko shingoni mwangu. Aimé, uvue wewe. Taratibu.

Lydie, maji... yatosha. Inua mkono wangu, hauinuki. Mungu awape njaa ya haki, wanangu, na awape mkate kabla haijawaua... Baba, na Mwana...

Huyo anabisha. Asubuhi nilimtuma Lydie kambini akamwite. Aimé, usingoje nife kwanza. Mfungulie. Nimebakiza neno moja, na si lenu.