Tonge na Kikohozi: Maneno ya Kumuaga Bi Modesta

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mganga Mkuu, Ndugu Katibu wa TANU, Sheikh wetu na Padri wetu, ambao leo mmewekwa benchi moja na nawaona mnaachiana nafasi kidogo kidogo, ndugu wauguzi, ndugu wagonjwa mlioruhusiwa kutoka wodini, na ninyi mliotoroka, ndugu wageni waalikwa, pamoja na wale ambao kadi yao ya mwaliko ilikuwa harufu ya pilau: Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaohusika.

Mimi naitwa Hassani, mkwezi wa minazi wa Mikindani. Nimepewa dakika tano nitoe shukrani za wagonjwa katika kumuaga Bi Modesta binti Josephu, muuguzi wa chumba cha mazoezi, anayestaafu leo. Walionitangulia walipewa dakika tano wakala arobaini, nami sioni sababu ya mgonjwa kupunjwa.

Mwaka sabini nilianguka. Msiseme niliteleza. Mkwezi hatelezi, ila mnazi humkataa. Nikiwa njiani kuja chini nikadaka kuti kwa mkono wa kulia. Mwili ukaendelea na safari, mkono ukabaki juu, na hapo begani kitu kikakatika. Wakaniambia ni mishipa ya fahamu, imeng'oka shingoni kama muhogo. Vidole vilikuwa vizima, kiganja kizima, lakini kiwiko kilikufa; hakikunjiki hata kwa dua. Sasa nawauliza, ndugu zangu, mtu mwenye vidole vizima na kiwiko kilichokufa ana nini? Ana tonge mkononi na mdomo mtaa wa pili. Nilikuwa naukata ugali vizuri kabisa, nalifinyanga tonge, nalichovya kwenye mchuzi, kisha nabaki nalitazama.

Na mkono wa kushoto je? Sheikh, usijibu, wote tunajua. Mkono wa kushoto una kazi yake, na hakuna anayependa kuuona ukiingia kwenye sinia analokula yeye. Basi nikaacha kwenda harusini, nikaacha kwenda matangani, nikawa nalishwa na mke wangu Somoe, mlango umefungwa, kama kinda la njiwa. Mtu aliyekuwa akikwea minazi thelathini kwa siku! Niliona aibu mpaka nikatamani lile kuti lisingenishika.

Ndipo akaja daktari wa upasuaji kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Akanipapasa mgongo kama mnunuzi wa ng'ombe. Akasema upande huu kuna msuli mpana, una afya, ule ule ambao mkwezi hujivutia nao juu. Anaweza kuuzungushia kwapani akaushone mbele ya mkono, ukawa unakunja kiwiko. "Ila nikiuhamisha," akasema, "hutakwea tena." Nikamjibu, "Daktari, mnazi wenyewe ulishaniachisha kazi. Chukua."

Akahamisha. Na hapa ndipo wasemaji wote wa leo walipokosea, maana wamemsifu daktari mpaka nikadhani ni yeye anayestaafu. Daktari alifanya kazi kwa saa sita, akapanda ndege. Msuli wenyewe haukupewa taarifa. Uliamka uko mbele ya mkono, bado unadhani uko mgongoni. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wewe unajua kuliko mimi kwamba kumhamisha mtu ni kazi ya siku moja, na kumfanya azoee alikohamishiwa ni kazi nyingine kabisa. Kazi hiyo ya pili alipewa Bi Modesta.

Wiki tatu, kila asubuhi: "Hassani, kunja." Kimya. "Hassani, jivute kama uko mnazini." Msuli unatikisika, unalala tena. Siku moja wakakaanga pilipili jikoni, moshi ukatufikia, nikakohoa, na mkono ukaruka wenyewe ukamchapa Bi Modesta usoni, kofia ikaenda huko. Nikasema basi, nimefukuzwa. Yeye akapiga kigelegele. "Kohoa tena, baba we! Kohoa!" Kumbe msuli ule, popote utakapoupeleka, mwenyewe akikohoa nao hujikaza.

Hivyo nikafundishwa kula kwa kikohozi. Unashika tonge, unakohoa, tonge linapanda. Kikohozi hicho ndicho kilichoniingiza kwenye uongozi. Kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti aliuliza nani anajitolea kuwa balozi wa nyumba kumi, vumbi likanikaba, mkono ukapanda. Mpaka leo mimi ni balozi, Ndugu Katibu, na nyumba zangu kumi hazijalalamika sana.

Nikarudi nyumbani kwa sikukuu ya Idi nikiwa na furaha. Nikaenda kwa shemeji yangu, nikakaa kwenye sinia la watu sita, mkono wa kulia, mbele za watu. Tonge la kwanza, koho! Likafika. La pili, koho! Jirani yangu akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." La tatu, mwingine akakumbuka ana mgeni. Walidhani ni kifua kikuu, nami siwalaumu. Kufika tonge la sita nilikuwa peke yangu na sinia zima la wali na kuku. Sijapata kuwa na njaa kama siku ile.

Nikarudi hapa nikamwambia Bi Modesta anifunge mkono kwenye kitambaa yaishe. Akasema, "Mwambie mkeo kesho akufungie chakula cha watu wawili." Somoe akafurahi, akadhani nimepata hamu ya kula. Saa sita mchana Bi Modesta akaweka sahani moja katikati yetu, ugali wa muhogo na kisamvu, akanawa, akakaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sijisifu. Nilikuwa nimesikia kwamba kabla ya kuja hapa alikaa miaka kumi na minne kwenye kambi ya wakoma, akiwafundisha kutumia vidole vilivyohamishiwa misuli. Mimi, mtu aliyekimbiwa kwenye sinia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvitazama vidole vyake. Aliniona. Akaikunjua mikono yote miwili mbele yangu akasema, "Hesabu. Vipo kumi." Kisha akamega upande ule ule niliokoholea.

Tulikula hivyo miezi minne. Maneno yakafika Mikindani kwamba Hassani anakula sahani moja na mwanamke wa hospitali, na Somoe akaja na mwavuli wake kumwona anayekula muhogo wake. Alisimama mlangoni akanitazama nakohoa na tonge langu. Kisha akaweka mwavuli chini akasema, "Sogeeni." Tukawa watatu. Kikohozi kikapungua kikawa mguno, mguno ukawa pumzi, na siku moja Somoe akaacha kutafuna akasema, "Hukukohoa!" Nililia, ndugu zangu. Nililia na tonge mdomoni, jambo ambalo siwashauri.

Jioni ile tukirudi Somoe akaniambia, "Yule mama anakula polepole, kama hataki chakula kiishe." Na kwa kuwa mke wangu hana haya, alikuwa ameuliza jikoni kwa nini kikombe kimoja kimefungwa uzi mwekundu. Akajibiwa ni cha Bi Modesta, kisichanganyike na vya wengine, kwa sababu ya ile kambi ya wakoma. Mimi muda wote nilidhani ananipa dawa. Kumbe naye alikuwa anaumwa ugonjwa wangu wa kukimbiwa kwenye sinia, na wa kwake ulikuwa umedumu zaidi. Bi Modesta, nisamehe kwamba jambo hilo sikuliona mwenyewe mpaka nikaambiwa.

Leo nimesikia hotuba nne zikiisifu mikono yake. Mikono yenye baraka, mikono ya huruma, mikono ya taifa. Amepewa kanga, redio na saa ya ukutani. Miaka minane amekaa hapa. Nani kati yenu, mnaomsifu kwa sauti hiyo, amewahi kutia mkono wake kwenye sahani moja na mikono hiyo?

Ratiba inasema Bi Modesta atakula meza kuu, sahani yake peke yake, uma wake peke yake, kwa heshima. Heshima ya namna hiyo ameila vya kutosha. Nimemwomba aje mkekani kwangu, amekubali, na Somoe ameshakaa. Sinia letu ni la watu sita, nasi tuko watatu. Sitataja jina la mtu. Ila nimezungumza na mpishi, naye ni mgonjwa wa zamani wa chumba kile kile, na ameapa kwamba pilau haipakuliwi kwa yeyote, mkubwa wala mdogo, mpaka sinia letu lijae watu.

Masikio yenu mmenipa, asanteni sana. Maji ya kunawa haya hapa.