Fundi Mustafa na Mshale Ulioshuka

Wasikilizaji wapendwa, gari lilikuwa limeshaiacha Korogwe, linakwenda Handeni. Usukani kashika Hussein. Pembeni yake mkewe, Mwantumu. Mama yake Mwantumu alikuwa mahututi kule Handeni, anamtaja yeye tu. Ni miaka tisa sasa tangu siku hiyo.

Aliyebaki karakana ni Mustafa Mwinjuma, fundi magari, mdogo wake Mwantumu. Ndiye tunayemkumbuka leo. Yeye mama alikwisha kumwona, juzi yake.

Asubuhi ile Mustafa alikuwa amelifungia gari hilo geji mpya ya joto la maji, maana ya zamani ilikufa. Alikata mpira wa juu wa rejeta, akapachika kiungio chenye sensa ya kupima joto, akabana, akapitisha waya mpaka dashibodi. Kazi safi.

"Mshale ukipanda kwenye nyekundu, simama, shemeji. Usijifanye dereva wa basi."

"Na wewe usijifanye daktari," Hussein akacheka, huyo akaondoka.

Saa nne simu ikaita. Mustafa yuko chini ya lori, mikono imejaa oili. Ni dada yake.

"Mustafa, mshale ulipanda, sasa umeshuka. Tusimame?"

"Umeshuka? Basi limepoa, dada. Nendeni, mama anasubiri."

Umeshuka. Neno lenyewe ni hilo tu, wasikilizaji. Hakuuliza kama umeshuka taratibu au umeanguka ghafla. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yote yamemwagika. Sensa ikikosa maji haina cha kupima. Mshale unalala chini, huku injini inaungua. Mustafa alilijua hilo tangu ujana wake. Alilijua, na hakuuliza.

Injini ilinoki, ikazima kabisa, kabla ya Sindeni. Wakakaa kando ya barabara, wakipungia kila gari. Mama alikata roho saa sita. Mwantumu alifika saa saba.

"Sikumlaumu hata siku moja," Mwantumu ametuambia. "Lakini kila nikianza kumwambia hivyo, anainuka, anakwenda kunawa mikono. Mikono safi!"

Mjane wa Mustafa, Munira, anasema kila mteja aliyefungiwa geji, Mustafa alimkimbilia mpaka barabarani, amgongee kioo: "Umesikia lakini? Mshale ukianguka ghafla, simama pia!" Watu walimwona ana kichaa kidogo.

Pole sana Munira, pole Mwantumu na ukoo wote wa Mwinjuma. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tuliobaki tujitazame: mtu wetu akitupigia simu tukiwa kazini, tunamsikiliza, au tunamjibu tu ili akate?

Mustafa alifariki Jumatatu, kwa kiharusi. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Amezikwa Handeni. Gari liliuzwa vipuri zamani. Hussein haendeshi tena, analima mahindi Makuyuni. Karakana kapangishiwa muuza matairi. Mwantumu alifika mazikoni mapema, na simu ya Mustafa amekabidhiwa yeye.