Kibao cha Langoni

Sogeeni wanangu, msinisimamie kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Wewe mwenyekiti wa klabu, zima hiyo simu; goli likifungwa mtaa mzima utakuambia. Na wewe kocha, kaa hapa miguuni, maana kichwani keshakaa dada yenu, kitinda mimba wangu, ambaye ndiye anayenigeuza usiku na mchana. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhemea tu, lakini nitaitumia, kwa sababu nimesikia kupitia dirisha hilo kwamba katapila linakuja kung'oa nguzo za kiwanja cha mpira wa pete ili basi la timu lipate pa kuegeshwa, na hakuna kati yenu wawili aliyekuja kuniambia. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hawakukosea, ila hawakunionya kwamba nguo yenyewe nitakuwa nimeishona mimi.

Nyumba hii ni yenu watatu, msiiwekee kuta za kutengana. Cherehani apewe mke wa kocha, anajua kushona na hana maneno mengi. Hayo ni madogo. Sikilizeni la kiwanja.

Kiwanja kile alinipa baba yangu kabla sijaolewa, akitaka nilime mboga, nami nikasimika nguzo mbili. Tulikuwa wasichana wa kiwanda cha nyuzi. Tukitoka zamu, masikio bado yanavuma kwa mashine, tunavua viatu na kucheza pete mpaka giza litukatalie. Wanaume waliotuchumbia walisubiri nje ya mstari, kwa kuwa niliwakataza kuukanyaga, na kwa kuchoka kusubiri wakafunga mabaki ya nyuzi wakaanza kuyapiga teke kule nyuma kwenye majani. Baba yenu ndiye aliyeanza, maana hakuwa na subira hata ya chai kupoa. Hiyo ndiyo timu yenu ya kandanda! Hicho ndicho kilichozaa vikombe vilivyojaa kabatini! Na marehemu hakulikana hilo mpaka anaingia kaburini. Akianza kulewa sifa namkumbusha, naye anacheka.

Baadaye wakaja mabondia, wakaja wa mpira wa meza, wakaja wanyanyua vyuma waliomimina zege kwenye makopo ya rangi, tukawa klabu. Tukamwita fundi atuchoree kibao cha langoni: pete katikati, glavu, raketi, chuma, na mpira wa miguu pembeni. Nilimwagiza kwa mdomo huu huu. Lakini siku ya kazi alifika sisi tukiwa kiwandani, akawakuta wanaume, wakamwambia aanze na mpira. Akauchora mkubwa kama sinia, na tuliporudi jioni hapakuwa na nafasi ya kuchora hata sindano. Tukasema atarudi kurekebisha. Wiki ile timu ikashinda, watu wakapiga picha chini ya kibao, basi, hiyo ikawa ndiyo historia. Ukimpa mtu shubiri huchukua pima: chumba cha mabondia kikawekwa jezi, meza ya mpira wa meza ikawa ya kulia wachezaji, na sisi wenye kiwanja tukaambiwa tusaidie kufua soksi. Soksi! Nilimtupia ndoo katibu wao, yule Kipara aliyekuwa golikipa wa kwanza, na mpaka leo tunasalimiana kwa kope.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Juzi kwenye sherehe ya klabu mlinikalisha mbele, mkanivisha skafu ya timu kama mtoto, kisha wewe mwenyekiti, mwanangu wa kwanza, ukashika kipaza sauti ukasema klabu iliasisiwa na wanaume wa shoka, "na mama zetu wakawaunga mkono." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nisije nikakuaibisha, na makofi yale yananiuma kuliko ugonjwa huu.

Nipe maji, mwanangu. Kidogo tu.

Siichukii kandanda, mmekula na kusoma kwayo. Lakini mwacha asili ni mtumwa. Kiwanja cha pete nampa kitinda mimba, ambaye wasichana anaowafundisha wanacheza pale kwa jezi za kuazima; mjumbe wa mtaa na jirani wa kushoto wamenisikia nikitamka. Katapila likija, limkute amesimama katikati, na ninyi wawili ubavuni kwake. Anayetaka radhi yangu aje aichukue hapo.

Nikifa, msinifunike bendera ya timu. Jeneza mlitue kwanza ndani ya duara la kiwanja, wasichana wanibebe. Wanaume wasubiri nje ya mstari. Walishazoea.

Nishike mgongo... hivyo. Mungu awape umri, awape kusikilizana, na watoto wenu wawaambie ukweli ninyi mkiwa bado mna masikio ya kuusikia.

Kelele gani hizo? Wamefunga? Kaeni... Ah, umekaa, mwenyekiti. Hukuinuka. Unalia nini sasa, mtu mzima wewe? Lete mkono.

Mwiteni fundi wa rangi. Kibao kile... akifute chote. Mumsimamie. Aanze na pete... Mpira auchore mwisho. Nafasi... nafasi ikibaki.